UZI: Wazazi Wakatoliki wa Nairobi tunatafuta nini katika shule za Kanisa?

Mama wa Umoja (mwanzilishi wa uzi)

Mjadala wa shule za Kanisa hapa Nairobi huishia mara nyingi kwenye alama za mtihani. Anayezisifu hutaja matokeo ya KCSE, na anayezikosoa hujibu kwamba matokeo hayo yanatokana na kuchuja wanafunzi langoni. Mimi ni mzazi Mkatoliki, nina watoto wawili katika shule inayoendeshwa na masista, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, hapa Umoja, wadhifa unaomfanya mtu asikie mengi kuhusu karo na sababu za watu kuilipa. Hoja yangu ni hii: mzazi wa mji huu anayempeleka mtoto shule ya Kanisa anatafuta, kabla ya alama, mtu wa kushika zamu katika zile saa nyingi za mchana ambazo yeye mwenyewe hayupo, saa ambazo mashambani zingekuwa mikononi mwa nyanya, shangazi, katekista na majirani wanaosali naye.

Tazameni siku ya kawaida. Jirani yangu anauza mitumba Gikomba. Hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu marobota hufunguliwa mapema na anayechelewa huokota mabaki. Mumewe ni fundi wa umeme ambaye kazi humpeleka Kitengela leo na Ruaka kesho. Mtoto wao wa Gredi ya Nne huvalishwa sare na dada yake mkubwa, hupanda basi la shule kabla hakujapambazuka vizuri, hurudi jioni akiwa na kazi ya ziada, na mama anapofika baada ya kukwama kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo, humkuta amesinzia juu ya daftari. Familia hii inasali. Ina rozari ukutani na haikosi Misa ya Jumapili. Lakini imani inayofundishwa kwa nusu saa ya usiku, na mzazi aliyechoka kwa mtoto aliyechoka, haipati nafasi ya kuota mizizi, na wazazi hawa wanalijua hilo kuliko padre yeyote anayewahubiria.

Wengi wetu tuliokulia mashambani hatukufundishwa kusali na mtu mmoja. Nyanya alituamsha kwa ishara ya msalaba, katekista alitukusanya Jumamosi, na mzee yeyote aliyetukuta tukipigana njiani alikuwa na ruhusa ya kutukemea huku akitutajia jina la ubatizo. Nairobi haina malezi ya namna hiyo. Katika jengo la ghorofa saba, mtoto anaweza kukua bila kujua jina la anayelala upande wa pili wa ukuta. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa kanda yetu kupitia AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970, zimeziba pengo hilo kwa kiasi fulani, lakini zimeliziba zaidi kwa watu wazima. Mtoto wa miaka tisa anakaa kwenye mkutano wa jumuiya akingoja chai. Pengo lake limebaki wazi, na hapo ndipo shule inapoingia.

Historia inatusaidia kuona jinsi ombi la wazazi lilivyogeuka. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899, Nairobi ilikuwa kituo kipya cha reli. Masista wa Loreto walifika mwaka 1921 na kufungua shule yao Msongari. Mwaka 1925 ilianzishwa Kabaa shule ambayo baadaye ilihamia Mang'u, ikamsomesha Mwai Kibaki miongoni mwa wengi. Wakati huo shule ndiyo iliyopeleka imani nyumbani. Wangari Maathai aliupokea Ukatoliki akiwa mwanafunzi wa bweni kwa masista wa Consolata huko Mathari, Nyeri, akajiunga na Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, kisha akaendelea na masomo Loreto Limuru na baadaye kwa masista Wabenedikto katika jimbo la Kansas, Marekani. Watoto wengi wa kizazi chake walitoka shuleni na imani waliyoikuta huko. Leo mambo yamegeuka: mzazi tayari ni Mkatoliki, naye anaifikisha imani langoni mwa shule akiomba isipotelee humo ndani.

Kanisa nalo lina la kusema. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linafundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba jukumu lao ni zito kiasi kwamba likikosekana ni vigumu kulifidia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 798, inawataka wazazi wawapeleke watoto katika shule zinazotoa elimu ya Kikatoliki, na pale wasipoweza, wahakikishe kwamba watoto wanapata elimu hiyo nje ya shule. Sehemu hiyo ya pili wengi huiruka. Sheria inamtambua mzazi asiyeweza na haimhukumu. Inamwachia wajibu wa kuitafuta katekesi mahali pengine. Kwa hiyo nisieleweke kana kwamba ninawasuta wenzangu ambao watoto wao wako katika shule za umma za mtaani. Ninaeleza tu kwa nini anayeweza, na hata asiyeweza vizuri, hujinyima ili alipe.

Sasa, ni nini hasa kinachotokea ndani ya saa hizo? Nitataja mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu. La kwanza ni la kila siku. Saa sita kengele inagongwa, mwalimu wa hisabati anaweka chaki chini, darasa linasimama, wanasali Malaika wa Bwana, kisha wanaketi na kuendelea na sehemu walipoachia. Haichukui hata dakika tatu. Mtoto anayeliona jambo hilo kila siku, likifanywa na mwalimu yule yule anayemfundisha kugawanya sehemu, anajifunza kwamba sala si mali ya Jumapili wala ya padre peke yake. Kipindi cha Pasaka kilipofika, binti yangu alimkatiza baba yake mezani kwa heshima na kumweleza kwamba siku hizo hatusali Malaika wa Bwana, tunasali Malkia wa Mbingu. Hakulipata kwangu jambo hilo, na mimi ni mtu wa kanisani.

La pili lilitokea mwaka jana. Mwanafunzi mwenzake binti yangu alifiwa na baba. Mwalimu wa darasa aliwaeleza watoto kilichotokea bila kuficha, wakaandika kadi, kila mmoja kwa mkono wake, wakaiombea familia katika Misa ya shule, na mtoto yule aliporudi baada ya mazishi, wenzake walikuwa wameambiwa wasimwulize maswali ila wakae naye. Binti yangu alirudi nyumbani akiuliza kama marehemu wanatusikia. Tulizungumza hadi akalala. Mimi nilikuwa tayari kwa mazungumzo hayo kwa sababu shule ilikuwa imeyaanzisha, na nadhani mafungu yote ya katekisimu aliyokariri yalipata maana yake jioni ile. Silijui somo katika mtaala wa umilisi ambalo lingeweza kupangwa lifanye kazi hiyo.

Nidhamu na alama nitazipitia haraka, kwa kuwa zimeshazungumzwa vya kutosha. Ni kweli wazazi wengi huzitaja kwanza, na hawadanganyi. Shule yenye utaratibu, ambamo mwalimu hufika darasani kwa wakati na pesa za wazazi zinatolewa hesabu, hupata matokeo mazuri, na mzazi yeyote mwenye akili timamu hupenda matokeo mazuri. Tatizo huanza alama zinapokuwa sababu pekee. Ninaijua shule moja, ambayo sitaitaja, iliyokiondoa kipindi cha mafunzo ya kichungaji, yaani kile cha malezi ya dini, kwa madarasa ya mtihani ili kupata muda wa marudio, na wazazi waliposhauriwa katika mkutano, wengi waliunga mkono. Wazazi hao walilipia shule ya Kanisa, kisha wakaiomba ipunguze Kanisa. Tukifanya hivyo tutabaki na sanamu ya Bikira Maria langoni na karo ya juu, basi.

Ningependa kusikia wengine, na hasa wale ambao uzoefu wao ni tofauti na wangu.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Mama wa Umoja, nakushukuru kwa uzi huu. Naomba niongeze jambo ambalo wazazi wengi hawalitambui, yaani kwamba tunapotaja shule za Kanisa tunazungumzia shule za aina mbili zenye taratibu tofauti kabisa. Kuna zile zinazomilikiwa na shirika la watawa, parokia au jimbo, ambazo ni za binafsi, na zinaajiri walimu wao zenyewe. Halafu kuna zile nyingi zaidi zilizoanzishwa na wamisionari na ambazo, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, ziliwekwa chini ya serikali, huku Kanisa likibaki kuwa mfadhili. Nilifundisha katika shule ya aina hii ya pili hadi nilipostaafu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili nafasi ya kuwakilishwa katika bodi ya usimamizi, ya kushiriki katika kupitia upya mtaala, na ya kusimamia malezi ya kiroho, ikiwa ni pamoja na kumteua kasisi wa shule kwa gharama ya mfadhili mwenyewe, mradi imani za wanafunzi wa dini nyingine zilindwe. Hiyo ni nafasi kubwa. Walimu, hata hivyo, huletwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na tume haiulizi mwalimu anasali wapi, wala haipaswi kuuliza. Kwa hiyo mzazi anaweza kuliona jina la mtakatifu kwenye bango, akaamini kwamba kila kitu ndani ni cha Kikatoliki, kumbe malezi ya kiroho yote yamebebwa na mwalimu mmoja wa somo la dini na kasisi anayefika mara moja kwa mwezi kwa sababu ana parokia kubwa ya kuhudumia.

Sisemi hivyo kwa kuzidharau shule hizo. Nimewaona walimu Waanglikana na Waadventista wakiwasindikiza watoto kwenye Misa kwa uaminifu ulionigusa, na nimewaona Wakatoliki wakibaki ofisini wakinywa chai wakati huo huo. Roho ya shule hufuata mwalimu mkuu kuliko bango.

Mama wa Umoja

Mwalimu, shikamoo. Maelezo yako yanaimarisha hoja yangu kuliko nilivyoiandika mwenyewe. Kama ninachotafuta ni mtu wa kushika zamu, basi swali langu la kwanza lazima liwe nani yuko zamu, na bango haliwezi kulijibu. Nikiongeza la kwangu, ningewaomba maparoko wetu watazame upya suala la kasisi wa shule. Sheria imetupa mlango huo kwa maandishi. Parokia inayoweza kukusanya fedha za kupaka ukumbi rangi inaweza pia kumgharamia nauli na chakula kasisi, au mlei aliyefunzwa vizuri, akae na vijana wa sekondari siku mbili kwa juma.

Aliyesoma Bweni

Nitasema mambo ambayo huenda hayatapendwa. Nilisoma shule ya Kikatoliki kuanzia darasa la tano hadi kidato cha nne, bwenini. Tuliamshwa kwa ajili ya Misa gizani, na aliyesinzia alichapwa. Tuliosahau kitubio tuliandikwa majina. Nilipomaliza, sikuingia kanisani kwa muda mrefu, na wenzangu wengi ni hivyo hivyo. Mimi watoto wangu wako katika shule isiyo ya dini, na nikitaka wajue habari za Mungu nitawaeleza mwenyewe, bila kiboko. Mama wa Umoja anasema shule inashika zamu kwa niaba ya mzazi. Je, akishika zamu mtu mkatili?

Mama wa Umoja

Ndugu yangu, pole kwa uliyoyapitia. Sitajaribu kuyapunguza uzito kwa kusema kwamba zamani kila shule ilichapa, ingawa ni kweli. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na shule ya Kanisa ilipaswa kuiacha kabla ya kulazimishwa na serikali, kwa sababu tamko lile la 1965 linataka shule ya Kikatoliki ijae roho ya Injili, yaani roho ya uhuru na upendo. Uhuru umetajwa humo waziwazi. Misa ya kulazimishwa kwa fimbo inapingana na mafundisho ya Kanisa lenyewe, na aliyekufanyia hivyo alikufanyia kinyume cha Injili aliyoishika mkononi.

Swali lako la mwisho ndilo zito. Akishika zamu mtu mkatili, madhara huwa makubwa kuliko katika shule nyingine, kwa kuwa mtoto hataishia kumwogopa mwalimu, atamwogopa na Mungu. Ndiyo maana sikubaliani na wazazi wanaomkabidhi mtoto bwenini na kutokanyaga hapo hadi siku ya wazazi. Kanuni ya 796 ya Sheria ya Kanisa inawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, walimu wawasikilize wazazi kwa moyo, na vyama vya wazazi viundwe na kuthaminiwa. Mzazi anayeogopa kumuuliza sista swali gumu hajafanya sehemu yake. Wala mimi sidhani kwamba umekosea kuwafundisha watoto wako mwenyewe. Ukiwa na nafasi hiyo, wewe umebarikiwa kuliko jirani yangu wa Gikomba.

Baba Yusuf, South C

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, na mada hii imenivuta kwa sababu binti yangu mkubwa alisoma kwa masista hapa Nairobi, na wadogo wake wako katika shule iliyounganisha madrasa na mtaala wa kitaifa. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili.

Sababu mliyoitaja, yaani saa za mchana, ndiyo hiyo hiyo kwetu. Zamani mtoto alikwenda shule asubuhi na chuoni alasiri, kwa maalim wa mtaani. Siku hizi shule inamaliza jioni, njia ni ndefu, na mtoto anafika kwa maalim akiwa amechoka. Ndipo wazazi wakaanza kutaka shule zinazofundisha Kurani na hesabu chini ya paa moja. Kuhusu binti yangu, masista hawakumlazimisha kusali sala zao. Wakati wa Misa aliruhusiwa kukaa maktaba, na walimuuliza mapema kuhusu chakula cha mwezi wa Ramadhani. Najua si kila shule iko hivyo, na kesi ya hijabu ya Isiolo iliyofika hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa Januari 2019 ilituonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuleta mvutano. Ninachotaka kusema ni kwamba nilimwamini mtu anayesali. Niliona kwamba mtu anayejua thamani ya sala yake hataidharau ya mwanangu.

Mama wa Umoja

Wa alaykum salaam, Baba Yusuf. Ahsante sana. Strathmore, chuo chenye asili ya Kikatoliki hapa Nairobi, ilipofunguliwa mwaka 1961, ilikusanya vijana wa Kiafrika, wa Kihindi na wa Kizungu wakati ambapo shule za mji huu bado zilikuwa zikitenganisha watoto kwa rangi, na iliwapokea wasio Wakatoliki tangu mwanzo. Ninaikumbuka historia hiyo kila ninapomsikia Mkatoliki akidai kwamba shule yetu itapoteza sura yake ikiwapokea watoto wa imani nyingine. Sura ya shule hutegemea wanaoiendesha, na uliyoyaona kwa masista wa binti yako ni Ukatoliki kamili.

Mzazi wa Kayole

Nimesoma yote haya kwa makini, na ninakubaliana nayo, lakini naomba mniambie mimi nifanye nini. Nafua nguo za watu Donholm na Greenspan. Nilikwenda kuuliza nafasi katika shule moja ya Kikatoliki iliyo karibu, nikapewa karatasi ya karo, na nilipoitazama niliirudisha mezani. Karo ya muhula mmoja, ukijumlisha basi, chakula, sare na ada ya kuingia, ni zaidi ya mapato yangu ya miezi mitatu. Mtoto wangu yuko shule ya umma, darasa lina watoto wengi mno, na mwalimu anajitahidi. Mimi nimebatizwa, nimepata kipaimara, na natoa sadaka yangu kila Jumapili. Shule hiyo ilijengwa na nani?

Mama wa Umoja

Dada yangu wa Kayole, swali lako limenikaa moyoni tangu jana, na sitakujibu kwa maneno ya kutuliza.

Tamko la 1965 linawahimiza wachungaji na waamini wote wahakikishe kwamba shule za Kikatoliki zinawajali hasa walio maskini wa mali za dunia, walionyimwa msaada na upendo wa familia, na walio mbali na imani. Hayo ni maneno ya Mtaguso, na wewe umetajwa mwanzoni kabisa. Kwa hiyo shule ya Kanisa ambayo mfua nguo aliyebatizwa hawezi kuingia langoni mwake ina deni la kueleza, hata kama vitabu vyake vya hesabu viko sawa.

Najua sababu zinazotolewa. Shule ya binafsi hailetewi walimu na serikali, kwa hiyo mishahara yote hutoka kwenye karo. Tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, fedha za serikali hufuata mtoto aliye katika shule ya umma, na aliye katika shule ya parokia mzazi wake hubeba mzigo wote. Zamani shirika la watawa lilikuwa na masista wengi darasani ambao hawakulipwa mshahara wa kawaida, na mfadhili wa Ulaya alileta bati na saruji. Mambo hayo yamepungua sana. Sababu hizo ni za kweli, na uamuzi wa kumwacha nje maskini bado unabaki kuwa uamuzi.

Kwamba inawezekana kuamua vingine, mji huu wenyewe unatuonyesha. Masista wa Huruma walikwenda Mukuru tangu miaka ya 1980 na kuanzisha shule za msingi katikati ya mabanda, kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa na shule. Wajesuiti walifungua Kibera shule ya sekondari ya Mtakatifu Aloysius Gonzaga kwa ajili ya vijana ambao familia zao ziliathiriwa na UKIMWI. Hawa hawakungoja maskini apate karo ndipo wamfikirie.

Na sisi wazazi tunaolipa tunahusika. Katika shule ya watoto wangu tulipendekeza katika mkutano kwamba kila familia inayoweza iongeze kiasi kidogo kwa muhula, ili mtoto anayeletwa na parokia kwa barua ya paroko apunguziwe karo. Wengine walipinga, wakisema tayari tumebanwa. Hoja ilipita kwa kura chache, na watoto wa kwanza waliingia mwaka huu. Jina la anayesaidiwa hulijua mhasibu na mwalimu mkuu tu, na hilo tulilisisitiza, kwa sababu mtoto hapaswi kusoma akiwa na deni usoni. Ni jambo dogo. Halitamfikia kila mtu wa Kayole. Lakini ninakuomba umwone paroko wako, ukiwa na mwenyekiti wa jumuiya yako, umuulize waziwazi kama shule ile ina nafasi za aina hiyo, na kama haina, aeleze kwa nini. Swali lako umeliuliza vizuri hapa. Liulize vile vile pale.

Wakati huo huo, mwanao aliye katika shule ya umma hajapoteza haki yake. Mtaguso unazungumzia pia watoto walio katika shule zisizo za Kikatoliki na kulitaka Kanisa liwafuate huko huko. Muulizeni katekista kama anafika shuleni kwenu katika kipindi cha mafunzo ya kichungaji. Akisema hana nauli, hapo jumuiya ina kazi ya kufanya juma hili.

Mzazi wa Kayole

Nimeelewa. Nitamwona paroko Jumapili baada ya Misa ya pili, na mwenyekiti amekubali kuandamana nami.

Baba Mpya, Roysambu

Mtoto wetu wa kwanza anaingia chekechea mwakani. Mke wangu anataka shule ya masista, mimi bado napima. Ukienda kuitazama shule, unatazama nini hasa?

Mama wa Umoja

Baba, mimi hutazama watu kabla ya majengo. Nenda siku ya kawaida ya juma wakati wa mapumziko, ukaone mwalimu anavyozungumza na mtoto aliyeanguka au aliyejikojolea. Muulize mwalimu mkuu nani anawafundisha watoto sala na amefunzwa wapi kazi hiyo, kasisi hufika lini, na madarasa ya mtihani bado yana Misa na kipindi cha dini au yameondolewa. Uliza mtoto asiye Mkatoliki hufanya nini wakati wa Misa. Uliza mzazi akishindwa na karo katikati ya muhula hufanyiwa nini, na usikilize kama jibu linatoka haraka au kwa kigugumizi. Omba kuzungumza na mzazi mmoja ambaye mtoto wake ni mzito darasani, kwa maana mzazi wa mtoto hodari husifu shule yoyote. Kisha pimeni umbali, wewe na mama, kwa sababu mtoto wa miaka minne anayekaa saa mbili garini kila siku hatafaidi hata shule nzuri kuliko zote.

Shule nyingi zitawaomba nakala ya cheti cha ubatizo pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kama mtoto alibatizwa mashambani, anzeni kukifuatilia parokiani mapema, kwa kuwa sajili za huko mara nyingi zimeandikwa kwa mkono na karani hayupo kila siku.